Kipimo cha Maji ya Chumvi

Mtu akisikia neno kipimo, kitu kimjiacho akilini ni kigumu: rula ya mbao, mizani ya chuma, futi ya fundi cherehani iliyochapwa namba. Tena tumelelewa kuamini kwamba kipimo kinachovutika si kipimo, na mwenye duka apimaye kitambaa kwa futi ya mpira ni mwizi. Makala haya yanahusu kipimo ambacho kazi yake ni hiyo hiyo ya kuvutika. Tulikitengeneza katika Chama cha Fizikia kwa mpira wa baiskeli na maji ya chumvi, kwa gharama isiyofikia bei ya daftari kubwa, ukiacha kile kibao cha umeme ambacho shule ilikuwa nacho tayari. Kukitengeneza kulituchukua siku mbili. Kukizuia kisituambie uongo kulituchukua muhula mzima.

Kanuni yake ni nyepesi. Chukua kimpira chembamba chenye tundu, ukijaze maji ya chumvi, uzibe ncha zote mbili kwa kitu kipitishacho umeme. Umeme utapita katika maji yale, lakini kwa taabu. Taabu hiyo ndiyo iitwayo ukinzani, nayo hupimwa kwa omu. Sasa uvute mpira. Maji yaliyomo hayakuongezeka wala hayakupungua. Njia yao imekuwa ndefu, na kwa kuwa maji ni yale yale, njia hiyo imekuwa nyembamba pia. Basi umeme hupata taabu mara mbili: safari ndefu na mlango mwembamba. Kwa hiyo ukinzani hauongezeki kwa kadiri ya urefu tu, bali kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa urefu. Mpira wa sentimita 10 ukivutwa hadi 11, urefu umeongezeka sehemu 10 katika 100, lakini ukinzani umeongezeka sehemu 21. Ukivutwa hadi 12 umeongezeka sehemu 44, na urefu ukiwa maradufu ukinzani huwa mara nne. Wale wenzangu wa Kidato cha Tatu wanaosema kwamba kipeo cha pili hakina kazi nje ya karatasi ya mtihani, nawaomba wajaribu jambo hili kwa mikono yao.

Wazo hili si letu. Mwalimu wetu alitueleza kwamba huko Uingereza mtaalamu aitwaye R. J. Whitney alitumia mpira uliojazwa zebaki kupima jinsi mguu au mkono wa mtu unavyovimba damu iingiapo, naye aliandika habari zake mwaka 1949 na tena mwaka 1953. Zebaki ni madini yaliyo maji, nayo hupitisha umeme vizuri mno, lakini ni sumu, na hakuna mwalimu mwenye akili ambaye angewapa wanafunzi waimimine katika mpira unaoweza kupasuka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017 na kupewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliumia, ulifanywa ili kupunguza matumizi yake duniani. Wataalamu wa siku hizi wametafuta kitu kingine. Mwaka 2012 Yong-Lae Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, walieleza ngozi laini ya bandia yenye vijia vyembamba ndani yake, vijia vilivyojazwa mchanganyiko wa galiamu na indiamu, ambao huwa maji katika joto la kawaida la chumba. Huo haufanani na zebaki kwa sumu, lakini bei yake haifanani na mfuko wetu.

Maji ya chumvi, kwa upande wake, yako bure. Hapa Tanga hata chumvi si lazima ununue. Tena yana faida moja ambayo sikuitazamia. Tuseme mpira una urefu wa sentimita 10 na tundu la milimita 2. Ukiujaza zebaki, ukinzani wake utakuwa kama omu 0.03, na mita zetu za maabara haziwezi kuusoma, kwa maana waya za mita zenyewe zina ukinzani zaidi ya huo. Ukiujaza maji yenye chumvi kama ya bahari, yaani gramu 35 katika lita, utapata kama omu 6,400, na mita ya bei rahisi kabisa huweza kusoma hiyo. Maji maskini hufaa kwa mita maskini.

Yafaa sasa niseme kwa nini tulikitaka. Mjomba wangu ni fundi cherehani huko Ngamiani, na mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi upesi, alhamdulillahi, na ulimi pia. Mkono wa kuume haukurudi. Vidole vilijikunja kuelekea kiganjani na vikakaa hivyo. Hospitalini mtaalamu wa viungo alimwonyesha mazoezi ya kuvinyosha, mara nyingi kwa siku, kwa miezi. Mjomba aliyafanya majuma machache, kisha akaanza kuyaacha. Nilipokwenda kumwamkia siku moja nilimkuta amekaa kibarazani, cherehani imefunikwa kanga.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba.” (Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.)

Nilimwuliza habari za mazoezi. Akacheka kidogo. “Tangu niugue,” akasema, “watu wote wananipa moyo. Mama yako ananipa moyo, majirani wananipa moyo, hata wateja ninaowadaia vitambaa vyao wananipa moyo. Kila aniangaliaye anasema, ah, leo vidole vimefunguka. Hakuna aliyenipa kipimo.”

Kisha akanieleza shida yake. Anaye kijana anayejifunza kazi kwake. Akijua kwamba mkono utarudi, atamwambia kijana angoje. Akijua kwamba hautarudi, itabidi ampe kijana mkasi mkubwa wa kukatia na wateja wote wenye kazi nzito, mapema, kabla hawajahamia kwa mafundi wengine. Kila juma lipitalo bila kujua ni wateja waliopotea. Vidole vyake vilikuwa vikisogea kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho haliwezi kukiamua, na jicho la mtu akupendaye huona zaidi ya kilichopo.

Habari hiyo niliipeleka kwenye Chama cha Fizikia, na mwalimu akasema tujaribu.

Mpira tuliupata kwa fundi baiskeli: ni kile kimpira chembamba kinachovishwa kwenye valvu za namna ya zamani, ambacho yeye hukikata na kukiuza kwa sentimita. Maji tuliyaingiza kwa bomba la sindano, polepole, mpira ukiwa umesimama wima, kwa maana povu moja la hewa hukata njia ya umeme kama jiwe katika mfereji. Ncha ndizo zilizotusumbua. Waya wa shaba uliingia vizuri, lakini baada ya siku chache ukaota ukijani na maji yakageuka rangi. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwa kawaida hatumsikilizi, akapasua kalamu yake ya risasi, akatoa kile kijiti cheusi cha ndani, akakisukuma katika mpira. Kiliingia barabara, kana kwamba kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kijiti hicho si risasi hata kidogo, ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, nacho hupitisha umeme na hakishiki kutu. Tukafunga kwa uzi wa mjomba mwenyewe, ule wa kushonea viatu.

Tulipounganisha betri, namba zilitokea, kisha zikaanza kutembea. Mpira umelala mezani, hakuna aliyeugusa, nao ukinzani unapanda, unapanda. Tukiunusa mwisho mmoja tulisikia harufu kama ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Mwalimu hakutupa jibu, alituandikia ubaoni chumvi ni nini. Katika waya, umeme huchukuliwa na elektroni. Katika maji ya chumvi huchukuliwa na chembe za chumvi yenyewe, za sodiamu zikienda upande mmoja na za klorini upande mwingine. Ukizisukuma upande mmoja tu bila kukoma, hufika mwisho wa njia, na hapo klorini hutoka upande huu na haidrojeni upande ule, na mapovu huziba njia. Hukuwa ukipima maji, ulikuwa ukiyavunja. Dawa yake ilijulikana tangu karne ya 19, alipoitumia Mjerumani Friedrich Kohlrausch: usiusukume umeme upande mmoja, uupeleke na kuurudisha mbio mbio, ili chembe zitikisike mahali pake zisiwahi kufika popote. Kibao chetu cha Arduino huweza kubadili upande mamia ya mara kwa sekunde kwa mistari michache ya programu. Tulipofanya hivyo namba zikatulia, na wengine wakapiga makofi.

Hapo ndipo wengi wetu tulipotaka kukipeleka kipimo Ngamiani siku ile ile, na mimi wa kwanza. Tulikuwa tumekishona juu ya glavu, mgongoni mwa kidole cha shahada. Kidole kikikunjwa mpira huvutika na ukinzani hupanda. Kidole kikinyoshwa mpira hulegea na ukinzani hushuka. Kwa hiyo habari njema kwa mjomba ingekuwa namba inayoshuka. Mwalimu akasema, “Kwanza mvisheni mtu asiyeweza kupona.” Hatukumwelewa. Akaenda jikoni kwa wapishi, akarudi na mwiko.

Tukaufunga mpira juu ya mwiko, umevutwa hadi sentimita 11 na kukazwa usiweze kusogea hata kidogo, tukauweka dirishani. Saa 1 asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi 25 na mpira ukasoma kama omu 7,700. Saa 8 mchana nyuzi zilikuwa 32, na mpira ukasoma 6,750. Kwa jedwali letu, mpira ule sasa ulikuwa na sentimita 10.3. Yaani mwiko ulikuwa umenyosha kidole.

Sababu yake ni kwamba maji ya chumvi yakipata joto, chembe zake huenda kwa wepesi zaidi, na ukinzani hupungua kama sehemu 2 katika 100 kwa kila nyuzi moja. Na mpira ukivutwa sehemu 1 katika 100, ukinzani huongezeka sehemu 2. Linganisha hesabu hizo mbili uone hatari yake. Nyuzi moja ya joto hufuta kabisa sehemu moja ya mvuto. Kwa mtu ambaye kidole chake husogea milimita moja au mbili tu, jua la Tanga lina nguvu kuliko kidole. Kama tungekipeleka kama kilivyokuwa, mjomba angepimwa asubuhi na kupimwa mchana, na kila siku angeona mkono wake unafunguka. Angemwambia kijana angoje. Kingekuwa ni mtu mmoja zaidi wa kumpa moyo, tena huyu ana namba, na mtu mwenye namba huaminiwa kuliko jirani.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokosea wasemapo kwamba kifaa fulani ni rahisi. Huhesabu bei ya mpira na chumvi, wasihesabu kazi ya kujua ni mambo gani mengine ambayo mpira na chumvi hupima bila kuulizwa. Kipimo cha dukani ni ghali kwa sababu mtu mwingine amekwisha kufanya kazi hiyo. Ukikwepa bei, kazi haikukwepi.

Tulibishana siku nyingi. Wengine walitaka tuweke kipimajoto kidogo ndani ya glavu na kufanya hesabu. Wengine walitaka mjomba apimwe alfajiri tu. Njia tuliyoichagua hatimaye ni ya kutumia mipira miwili. Wa pili hukatwa katika kipande kile kile, hujazwa maji ya chupa ile ile, na kushonwa juu ya mgongo wa kiganja mahali pasipovutika. Yote miwili imeunganishwa kwa kufuatana, umeme hupita wa kwanza kisha wa pili, na kibao husoma katikati yake. Kibao hicho hugawa volti katika hatua 0 hadi 1023. Mipira ikiwa sawa, katikati husoma kama 512. Joto likiingia, ukinzani wa mipira yote miwili hupungua kwa kadiri moja, na katikati hubaki katikati. Mmoja ukivutwa, katikati husogea. Ni kama kuwapima watoto mapacha: ukitaka kujua kama mmoja amekua usimpime kwa ukuta ambao nao unakua, mpime kwa ndugu yake. Wanafunzi wa vidato vya juu watalitambua hapa jambo walisomalo katika daraja la Wheatstone.

Tukaurudisha mwiko dirishani. Asubuhi ukasoma 560, mchana 558. Mwiko ukawa mgonjwa tena, nasi tukafurahi.

Hizo 2 zilizobaki hatukuweza kuziondoa. Tuliziandika ukutani: tofauti isiyofika 3 si habari. Tena tuligundua kwamba mpira wa pili ni lazima ulale karibu sana na wa kwanza, kwa maana vidole vilivyolala bila kazi huwa baridi kuliko mkono wa juu, na mpira wa pili ukiufunga mbali, kwenye kigasha, unapima joto la mahali pengine. Baada ya majuma mawili maji yalianza kupungua, kwa kuwa mvuke hupenya mpira polepole, basi tukatia gliserini ile ipakwayo ngozini, sehemu moja kwa nne za maji ya chumvi, nayo huyashika maji yasiondoke upesi. Ukinzani ulipanda, lakini kwa kuwa mipira yote miwili ilipewa kinywaji kimoja, katikati hapakujali.

Mjomba alianza kupimwa mwanzoni mwa muhula wa pili. Hatukugeuza namba kuwa nyuzi za pembe, maana kila kidole kina mifupa yake. Tulimlinganisha na yeye mwenyewe. Kila Jumamosi huuacha mkono umelala kama utakavyo, tukasoma. Kisha hunyosha kwa nguvu zake zote, tukasoma. Tofauti ndiyo iliyoandikwa daftarini. Kidole cha shahada juma la kwanza kilitoa 3, la pili 3, la tatu 5. Juma la nne kilirudi 4, naye akanuna asiseme neno mpaka chai. Juma la sita kilitoa 8, na juma la tisa 14. Majuma hayo yote hakuacha mazoezi hata siku moja. Shangazi, yaani mkewe, ananiambia alikuwa akiamka usiku kuyafanya.

Gumba lilikuwa na ukurasa wake. Namba zake ni hizi: 1, 0, 2, 1, 0, 1, 1, 2, 1.

Jumamosi ya tisa mjomba aliliweka daftari pajani akaziangalia kurasa zile mbili kwa muda mrefu. Hatukujua la kusema. Mwenzangu mmoja alifungua kinywa, nadhani alitaka kumpa moyo, nikamkanyaga mguu. Mjomba akauliza, “Jua mmelitoa humu?”

“Tumelitoa, mjomba.”

“Na mwiko unasema ngapi?”

“Mwiko husema mpaka 2.”

“Basi gumba langu ni mwiko,” akasema, akacheka, akaita kijana wake. Akamwambia achukue ule mkasi mkubwa, kwa kuwa mkasi hauwezi kushikwa bila gumba, na kuanzia Jumatatu kazi zote za kukata ni zake, na theluthi ya malipo pia. Kisha akaondoa kanga juu ya cherehani, akakaa, akaweka kipande cha marekani chini ya sindano na kukisukuma kwa kidole cha shahada. Mshono ulikwenda upande kidogo. Akaufumua akashona tena.

Daftari tumelipeleka pia kwa mtaalamu wa viungo. Alitupima kwa maswali zaidi ya mtihani wa taifa, kisha akapima vidole kwa chombo chake cha pembe, na kwa vidole vyote viwili jibu lake lilikuwa upande mmoja na letu. Amemwongezea mjomba zoezi jipya la gumba, maana majuma tisa, asema, si mwisho wa safari. Na ukurasa wa gumba tunaendelea kuuandika.

Mpira wa valvu haupendi jua, na huu wa sasa umeanza kupasuka karibu na fundo la uzi. Tunatengeneza mwingine, pamoja na glavu ya pili kwa mama mmoja jirani ya mjomba ambaye ameomba. Mwenye kutaka kusaidia aje maabara siku ya Alhamisi baada ya vipindi. Aje na kalamu ya risasi ambayo hataitaka tena.